Leo nimeona 504 ikikatwa kwa kilo. Gari gani halikustahili kufa hivyo, na gani lilistahili?

MtotoWaMakadara, Jumanne saa 1:10 usiku

Wadau, hamjambo. Nimetoka Kirinyaga Road na moyo haujatulia. Nilikuwa nimeenda kutafuta bushi za Fielder yangu. Kijana wa spea alipokuwa akinitafutia, nikasikia grainda ikilia upande wa mtoni, nikaenda kuchungulia. Vijana watatu walikuwa wakiikata Peugeot 504 steshen wagoni. Namba ni ile ya zamani, ya kabla KAA haijaanza mwaka 1989. Rangi ya maziwa, keria bado iko juu ya paa, na mlangoni, jua likipiga kwa pembeni, unayasoma maandishi yaliyofutwa zamani: NAKURU – KISUMU.

Walikuwa wameanza na milango. Kila kipande kikitoka kinawekwa kwenye mizani, mmoja anaandika kwa chaki ukutani. Nilimwuliza mwenye kazi kama injini bado inazunguka. Akasema hajajaribu, yeye ananunua kwa kilo. Hakusema kwa ubaya, ndiyo kazi yake. Lakini Jogoo Road nzima nimekuwa nikiwaza ile keria imepandishwa magunia mangapi, na ni watu wangapi walishushwa na gari lile mlangoni kwao usiku.

Basi naomba tuzungumze. Taja gari moja ambalo halikustahili kuishia kwenye mizani, na moja ambalo hata ukilikuta linakatwa utapita zako. Toa sababu. Na tafadhali, mwenye kinyongo na muuzaji au gereji fulani asiitaje. Tuongee magari.

MzeeWaLimuru, Jumanne saa 1:55 usiku

Pole, kijana wangu. Hiyo uliyoiona ililea watoto wa watu. Niliendesha ya aina hiyo hiyo miaka sita, Nairobi hadi Nakuru, na pesa yake ndiyo iliyonisomeshea wawili.

Gari langu la kuhifadhiwa ni 404, lililoitangulia. Pasaka ya 1968 nilikuwa mvulana wa shule ya msingi. Mvua ya mwaka ule wenzangu wa rika wanaikumbuka. Tulijibanza kwenye duka la jirani aliyekuwa na redio, tukisikiliza Safari Rally. Magari 93 yaliondoka, yakamaliza 7. Saba tu! Mengine yote yalizama kwenye matope, yakavunjika au yakachelewa. Na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff. Sasa sikia: miaka mitano nyuma, 1963, yalikuwa yameondoka 84, yakamaliza 7, na washindi ni Nowicki na Cliff hao hao, kwa 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo. Kwa 404.

Mtu akikwambia ni bahati, mwambie bahati haiji mara nne. Gari lile lilikuwa na springi ndefu zinazoacha gurudumu lishuke shimoni bila kuiburuta bodi nzima. Injini imelazwa upande nyuzi 45, ukifungua boneti mkono unafika unapotaka kufika. Na 504 iliyofuata, iliyozinduliwa Paris mwaka 1968, ilirithi tabia hiyo. Steshen wagoni yake ina umbali wa magurudumu unaoizidi sedani kwa sentimita 16, na nyuma ina springi nne, mbili kila upande. Sedani haina hizo. Ndiyo maana ulikuwa unapakia watu tisa na mizigo juu na bado inapanda Mai Mahiu bila kukaa chini.

504 yangu ninayo bado. Iko kwenye banda tangu springi moja ya nyuma ikatike, na nimetafuta ya kuibadilisha mpaka nimechoka.

Hakuna kampuni iliyoshinda Safari kama Peugeot. Hilo halina mjadala.

BintiWaDatsun, Jumanne saa 2:20 usiku

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, mjadala upo.

Peugeot: 1963, 1966, 1967, 1968, halafu Ove Andersson 1975 na Jean-Pierre Nicolas 1978 kwa 504. Ni sita. Datsun: Edgar Herrmann 1970 na 1971, Shekhar Mehta 1973, kisha Mehta tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Ni saba. Na Toyota, iliyoanza na Björn Waldegård mwaka 1984, imewapita wote wawili, na tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 imezidi kuongeza.

Mwaka 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye pia alikuwa kwenye Datsun. Yaani vita vya mwisho vilikuwa Datsun kwa Datsun. Halafu ushindi wa mara nne mfululizo kwa Violet, ile inayoitwa pia 160J, gari ambalo ukiliona limeegeshwa sokoni Karatina usingegeuka kulitazama mara ya pili. Marehemu baba alikuwa na 160J ya kawaida na sisi watoto tuliamini ndiyo ile ile ya Mehta, ila tu haijapakwa stika.

La kuhifadhiwa kwangu ni hilo, Datsun 160J. Zimeisha. 504 angalau bado unaiona ikikatwa. 160J sikumbuki mara ya mwisho kuiona hata ikiwa mfu.

MzeeWaLimuru, Jumanne saa 2:31 usiku

Marahaba, binti yangu. Nimehesabu kwa vidole na umenishinda. Ni saba kwa sita. Sitarudia kusema vile.

Ila 404 peke yake ina nne.

KijanaWaSubaru, Jumanne saa 2:48 usiku

Mimi nitatetea gari ambalo wengi wenu mnalichukia: Impreza. Najua mtakachosema: kelele, vijana, ajali. Lakini tazameni gari lenyewe. Injini ya bapa, pistoni zinapigana kushoto na kulia kama mabondia, uzito wote uko chini karibu na lami. Magurudumu manne yanavuta. Colin McRae alishinda Safari 1997 nayo, Richard Burns akarudia 2000. Kabla ya hapo, 1993, Patrick Njiru wetu aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 658, chini ya lita moja! Na akafika mwisho. Akina McRae nao walikuwa na Vivio mwaka huo huo na McRae hakumaliza. Kila nikikutana na mtu anayedharau gari dogo humpa habari hiyo.

La kukatwa: sedani yoyote ya kifahari iliyojaa umeme kila mahali ambayo kioo kikikwama inabidi uifungue kompyuta kwanza. Sina huruma nayo.

ShangaziWaNgummo, Jumanne saa 3:05 usiku

Mwanangu wa Subaru, Vivio ya Njiru naijua, nilikuwa mmoja wa walioshangilia. Lakini saa nane za usiku Mbagathi Way unapopita na bomba lako, mimi na mjukuu wangu tunaketi kitandani. Je, huo mlio alitengeneza McRae au ulitengenezwa Industrial Area?

KijanaWaSubaru, Jumanne saa 3:12 usiku

Shangazi, nakubali kosa. Ule mngurumo wa asili unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu yanayotoka kwenye silinda, na Subaru nyingi mpya zimeuacha. Ukiwa na bomba la kiwandani ni mngurumo wa chini, hauamshi mtu. Wengi wetu tunakata saileensa, na hapo gari linalaumiwa kwa mikono yetu. Yangu ina bomba la kiwandani. Lakini ujumbe nitaufikisha kwa wenzangu, kwa sababu umetuuliza vizuri.

FundiWaKirinyaga, Jumanne saa 3:40 usiku

Nimesoma yote nikiwa nafunga kibanda. Nawapa maoni ya mtu anayelala chini ya magari miaka ishirini na tatu.

Nairobi hatupendi gari kwa sababu ya sura. Tunalipenda tukijua tutalifufua. Corolla ile ya DX ilipendwa kwa nini? Ukiwa na spana chache, bisibisi na kipande cha waya unatoka Makutano mpaka nyumbani. Corolla NZE na Fielder zikapokea kijiti kwa sababu injini ni ile ile kwenye magari kumi tofauti. Nikikosa kipuri cha Fielder natoa cha Probox. Hilo ndilo pendo la kweli hapa mjini: jirani yako anaweza kukuokoa.

Sasa injini zinazochukiwa. Mitsubishi ilitoa GDI mwaka 1996 ndani ya Galant, na Toyota ikawa na D-4. Ni wazo zuri sana kihandisi. Kwenye injini ya kawaida petroli inapulizwa nje ya mlango wa kuingilia, inapita ikiosha valvu. Kwenye hizi, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa kutoka kwenye pampu maalumu. Unapata nguvu na unabana mafuta. Lakini valvu haioshwi tena, masizi yanajijenga polepole, na ile pampu haivumilii uchafu hata chembe. Gari limetoka Japani, limetunzwa kwa mafuta safi na oili inayobadilishwa kwa wakati, linafika kwetu likiwa na umri wa miaka saba, mwenyewe anaweka mafuta ya dramu kando ya barabara. Baada ya miezi linatikisika taa ya injini ikiwaka. Ndiyo maana hadi leo mtu akitangaza Premio ya zamani anaandika kwa herufi kubwa: SI D4.

Je, D4 ilistahili kuchukiwa? Mimi nasema ilistahili fundi aliyefundishwa. Wengi wetu tulijifunza kwenye kabureta, tukaifungua hii kwa nguvu ya kabureta, tukaiua. Nimeua mbili mwenyewe nilipokuwa naanza. Wenyewe wakalaumu Japani.

La kukatwa sijaliona bado. Nimeona ya kuachwa yapumzike.

DadaMayai, Jumanne saa 4:02 usiku

Fundi umeitaja Probox nikasema lazima niandike kabla sijalala, maana saa kumi alfajiri niko barabarani.

Probox ilitoka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Haikutengenezwa ipendeze. Waliitengenezea mtu kama mimi, aliye kazini. Buti ni mraba kabisa, kuta zimesimama wima, hakuna kona inayopotea. Nikilaza kiti cha nyuma sakafu inakuwa sawa kama meza, napanga trei za mayai kutoka nyuma ya kiti changu hadi mlangoni. Kati ya Githurai na Kahawa West kuna matuta nayajua kila moja kwa jina. Nikifika mayai yaliyopasuka nahesabu kwa mkono mmoja.

Watu wanaichukia wakisikia habari za njia za huko Kisii na Migori, abiria wamejazwa hadi butini. Inaniuma. Gari la watu watano likipakia kumi na wawili, breki zinaitwa kufanya kazi ambayo hakuna aliyeziumbia. Hapo wa kulaumiwa ana jina la mtu. Probox yangu ina viti viwili na mayai, na haijawahi kunilaza njiani.

La kukatwa: gari langu la kwanza, ambalo sitalitaja jina wala aliyeniuzia. Niliambiwa limetembea kilomita 60,000. Fundi alipofungua kava ya injini alikaa kimya muda mrefu sana.

MwalimuWaHistoria, Jumatano saa 11:30 alfajiri

Habari za asubuhi. Swali la MtotoWaMakadara limenikumbusha gari lililochukiwa kuliko yote Ulaya, na ambalo kwa kweli halikuwezekana kuuzwa kwa kilo.

Trabant, la Ujerumani Mashariki. Lilitengenezwa mji wa Zwickau kuanzia 1957 hadi 1991, zaidi ya milioni tatu. Nchi haikuwa na bati la kutosha, kwa hiyo bodi ya nje ikatengenezwa kwa kitu kinachoitwa Duroplast: mabaki ya pamba yaliyochanganywa na gundi ya kemikali, yakashindiliwa kwa joto hadi yakawa magumu. Ganda hilo halishiki kutu. Lakini pia haliyeyuki likawa kitu kingine. Baada ya nchi mbili kuungana watu waliyatelekeza barabarani, na wale vijana wako wa grainda wangepata kazi ngumu: chini kuna fremu ya chuma, juu kuna ganda lisilo na bei kwenye mizani yoyote.

Injini ilikuwa ya silinda mbili, ya kuchanganya oili na petroli kama pikipiki za zamani, nguvu farasi 26. Moshi wa buluu. Katika modeli nyingi hapakuwa na geji ya mafuta. Ulifungua boneti ukachomeka kijiti kwenye tangi. Na familia ilisubiri zaidi ya miaka kumi kulipata. Zingatieni hilo. Mtu anaandikisha jina mtoto akiwa tumboni, gari linakuja mtoto akiwa mwanafunzi.

Halafu Novemba 1989 ukuta wa Berlin ukafunguliwa, na picha zilizoenea duniani ni za Trabant zikivuka huku watu wa upande wa pili wakizipigia makofi mapaani. Gari lile lile lililodharauliwa. Kwa hiyo mimi Trabant naliweka kwenye orodha ya kuhifadhiwa. Wahandisi wake walijua udhaifu wake na walibuni mrithi zaidi ya mara moja. Wakubwa wa serikali ndio waliokataa kulipa.

La kukatwa kwangu ni Ford Pinto ya Marekani, ya miaka ya 1970. Tangi la mafuta lilikuwa nyuma, kati ya ekseli na bampa, na likigongwa kwa nyuma liliweza kupasuka na kushika moto. Mwaka 1978 yaliitwa kurekebishwa takriban milioni 1.5, pamoja na ndugu yake Mercury Bobcat. Watu walikuwa wameshaungua. Gari la kuvunjika namsamehe aliyelitengeneza. La kuunguza familia, hapana.

WakiliWaBuruburu, Jumatano saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, nyongeza moja ili haki itendeke. Kesi ya jinai iliyofunguliwa Indiana dhidi ya Ford kuhusu Pinto iliisha 1980 kwa kampuni kuachiliwa. Kwenye kesi za madai ndiko ilikopoteza. Haibadilishi pale tangi lilipowekwa, na mimi nakubaliana na hukumu yako juu ya gari lenyewe.

MhandisiMstaafu, Jumatano saa 3:20 asubuhi

Mmezunguka Paris, Japani na Zwickau. Nani atalitaja la kwetu?

Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Kazi ikahusisha wahandisi wa chuo, polytechnic, reli na jeshi. Zikatoka gari tano, zikaitwa Nyayo Pioneer. Zilipojaribiwa zilifika kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 zikaonyeshwa hadharani Kasarani. Shirika likaundwa, Nyayo Motor Corporation. Halafu pesa za kuzitengeneza kwa wingi hazikuja.

Tangu hapo kila mwaka nasikia mtu akilitaja Pioneer kwa kicheko. Kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye baa. Naandika haya nikiwa na uchungu, na sioni haya kusema hivyo. Mnajua maana ya kutengeneza injini? Si kuunganisha vipande vilivyofika Mombasa kwenye masanduku, kazi ambayo nayo naiheshimu. Nazungumzia kusubu bloku, kuichonga silinda hadi kipimo cha sehemu ya mia ya milimita, nchi ikiwa haina hata mashine za kufanya hivyo. Walijifunza njiani. Na lile shirika halikufa lote. Likawa Numerical Machining Complex, ambalo lipo hapa Nairobi hadi leo na linachonga vipuri.

Hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kununua Pioneer likamharibikia. Halikuuzwa kamwe! Tunalichukia gari ambalo hatukuwahi kulipanda. Niambieni kama kuna gari lingine duniani lililohukumiwa hivyo.

DadaMayai, Jumatano saa 3:41 asubuhi

Nimesoma mara mbili nikiwa nimeegesha. Mimi pia nimewahi kulicheka, na sikujua hata moja ya hayo. Nisamehe, Mhandisi.

KijanaWaSubaru, Jumatano saa 4:00 asubuhi

Na Mobius, lile gari lingine la hapa Kenya, je? Nayo iko kwenye kundi hilo?

MhandisiMstaafu, Jumatano saa 4:25 asubuhi

Hapana, Mobius liliuzwa, kwa hiyo wenye nalo wana haki ya kulisema. Wazo lilikuwa zuri: gari refu kutoka ardhini, lisilo na mapambo, la barabara za mashambani. Shida yake ilikuwa jirani. Kwa pesa ile ile mtu alipata gari la mtumba kutoka Japani lenye redio, vioo vya umeme na spea kila kona, kama alivyosema Fundi. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga, kisha ikapata mnunuzi. Ni vigumu mno kuuza gari jipya la kawaida katika nchi inayoruhusu mitumba ya miaka minane. Pioneer halikufika hata kwenye mtihani huo.

DerevaWaNamba9, Jumatano saa 6:10 mchana

Niko stejini nangoja watu, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nissan. Najua mnatuchukia. Kuna wakati hapa mjini mtu hakusema nimepanda matatu, alisema nimepanda Nissan, hata kama ni HiAce ya Toyota. Gari liligeuka kuwa jina la kazi yenyewe. Matatu zenyewe zilianza na pikapu na mabenchi mawili ya kutazamana, nauli senti thelathini, na 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ile ya mabasi. Hizo 404 za Mzee wa Limuru zilikuwemo, za pikapu.

Kabla ya Februari 2004 nilikuwa napakia Nissan ya watu kumi na wanne watu ishirini na mbili. Nakiri. Makanga ananing'inia, mwingine amekaa kwenye kava ya injini, matako yanaungua. Waziri wa uchukuzi, John Michuki, akaja na mikanda, mstari wa manjano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, abiria kumi na wanne basi. Tuligoma. Watu walitembea kwa miguu hadi mjini wakimsifu Michuki badala ya kutuonea huruma, ndipo nikajua kiasi tulichokuwa tumechukiwa. Baada ya sheria zile nilikaa na Nissan hiyo hiyo miaka minne, na klachi niliyokuwa nabadilisha kila baada ya miezi michache ikakaa. Gari halikuwa na kosa.

Nitakayoihifadhi: ni hiyo. Watu wamejaa, nakwenda.

ShangaziWaNgummo, Jumatano saa 8:30 mchana

Mimi naongeza Benz ile tunayoiita mia-ishirini-na-tatu, W123, ya 1976 hadi 1985. Baba yangu aliichukia kwa sababu ya Wabenzi, wale waliopata vyeo wakatusahau. Akiiona inapita alikuwa anageuza uso. Leo nikiiona naona gari la chuma kizito lililoshonwa vizuri, dizeli yake inakohoa asubuhi halafu inakwenda siku nzima. Waliolipanda wamekwenda na vyeo vyao. Gari bado liko barabarani, teksi, na halina deni na mtu. Lakini baba angenikemea, kwa hiyo nasema taratibu.

FundiWaKirinyaga, Jumatano saa 9:15 alasiri

Jambo moja ambalo hakuna aliyesema. Land Rover za zamani zinakufa haraka kuliko zote, na sababu ni ya 1948. Baada ya vita Uingereza haikuwa na chuma cha kutosha, wakatengeneza bodi kwa aluminiamu. Haioti kutu, ndiyo sifa yake. Lakini kwa kilo aluminiamu ina bei kushinda bati. Kwa hiyo mwenye mizani akikutana na Land Rover na 504 siku moja, anaanza na Land Rover. Lile lililoifanya iishi miaka sabini shambani ndilo linaloifanya ikatwe mjini. Nimeshuhudia nyingi, na kila mara nachukua japo giaboksi.

MtotoWaMakadara, Jumatano saa 11:05 jioni

Nimerudi pale mtoni. Kazi ilisimama jana jioni disiki za grainda zilipowaishia. Milango yote imeondoka, boneti na paa pia. Kuanzia kiti cha nyuma kwenda chini haijaguswa. Nilipiga magoti nikatazama: springi nne za nyuma zote ziko, mbili kila upande, kama alivyosema Mzee. Nimepiga picha. Mwenye kazi yuko tayari kuziuza, lakini kwa bei ya spea, si ya kilo, na anasema kesho saa sita mchana anamalizia.

Mzee wa Limuru, unasoma?

MzeeWaLimuru, Jumatano saa 11:09 jioni

Nasoma. Nakuja kesho na matatu ya saa moja. Fundi, utazitoa wewe?

FundiWaKirinyaga, Jumatano saa 11:20 jioni

Nitazitoa, Mzee. Nimeshaongea na kijana, atatusubiri. Njoo na ile springi yako iliyokatika, vipande vyote viwili, tuhesabu mizunguko na kupima unene wa waya. Za sedani huchanganywa na hizi na zinafanana kwa macho. Na usichukue moja. Chukua zote nne, ukiweka moja tu ngeni gari litainamia upande mmoja.

BintiWaDatsun, Jumatano saa 11:34 jioni

Mzee, nikuchukue Kangemi nikupeleke? Nina pikapu, springi nne hutazibeba kwenye matatu.

MzeeWaLimuru, Jumatano saa 11:41 jioni

Nitashuka Kangemi, binti yangu, saa mbili kasoro. Nitakuwa na kofia ya sufi ya kijani. Pikapu ni Datsun?

BintiWaDatsun, Jumatano saa 11:42 jioni

Ni Datsun 1200, Mzee.